Fimbo ya Samaki wa Mbao

Kamere, Naivasha
4 Agosti 2025

Kwa Mzee Kipketer, fundi wa fimbo, Sachangwan,

Hunijui. Naitwa Wariara, nafanya kazi ya kufunga maua huku Kamere, na jina lako nimepewa na Gedion, yule wa mashua anayepeleka wageni kuvua. Ana fimbo yako yenye uzi mwekundu kwa mpini na hakubali mtu aiguse. Nilipomwomba nambari yako alicheka. Alisema ukipigiwa unaangalia tu simu ikilia mpaka inyamaze, kwa sababu masikio yako yalibaki kwa mashini ya kupasua mbao Elburgon, na kwamba anayetaka fimbo yako aandike barua kama watu wa zamani. Basi nimeandika.

Nataka fimbo ya kuvulia samaki wa bass, na si hizi za dukani zinazotingika kama nyasi. Niko na samaki wa mbao, chambo cha kurusha, ambaye Baba yangu, Kamande, alimchonga kwa mti wa jacaranda. Ni mrefu kama kiganja changu na kifundo chake. Baba husema bass mdogo atakula chochote, lakini yule mkubwa hawezi kutoka kwake kwa ajili ya kitu kidogo. Na yule mkubwa yupo. Tangu ziwa lianze kupanda, migunga iliyokuwa kando ya njia yetu imesimama ndani ya maji ikiwa imekufa, na chini ya mti wa tatu kuna bass ambaye mwaka jana alimfuata huyu samaki wa mbao mara mbili mpaka ubavuni mwa mashua. Alimwangalia tu, akarudi. Baba alikaa siku nzima bila kula.

Sasa maji yamefika kwa choo chetu. Mjomba ametupatia nyumba Ndunyu Njeru na tunahama tarehe ishirini na tisa Novemba. Huko Kinangop hakuna ziwa, kuna viazi. Kwa hivyo huyo samaki wa mbao lazima arushwe pale kwa mti wa tatu kabla hatujaondoka, hata kama ni mara moja. Usiniulize kwa nini lazima.

Fimbo ni yangu mimi. Baba siku hizi haendi ziwani.

Wako,
Wariara

*

Sachangwan
15 Agosti 2025

Wariara,

Barua yako ilifika kama imekaliwa na mtu mnene. Nimeinyoosha, nimeisoma mara tatu.

Wewe unasema unataka fimbo isiyotingika. Hapo umekosea, lakini si wewe peke yako. Kila mtu mwenye chambo kizito huniomba fimbo ngumu kama mpini wa jembe. Nikimpa, anarusha mara kumi halafu bega linamkataa, kwa sababu fimbo ngumu haibebi mzigo, inamwachia mwenyewe. Fimbo ya kitu kizito inafaa iiname polepole, kuanzia ncha mpaka karibu na mpini, iubebe ule uzito kwanza, ndipo iutupe. Mama akimbeba mtoto mgongoni huinama kidogo kabla ya kusimama. Ni hivyo tu.

Mimi sifanyi kazi kwa kukisia. Nitumie mambo matatu. Kwanza, uzito wa huyo samaki wenu kwa gramu, kwa mizani ya kweli. Pili, kamba iliyopimwa kutoka kwa kiwiko cha mvuvi hadi ncha ya kidole cha kati, ufunge fundo kila mwisho. Urefu wa mpini unatoka hapo, na kila mkono una wake. Tatu, niambie anarusha kwa mkono upi.

Sijawahi kuuliza mtu kwa nini anavua, kwa hivyo huko hatutasumbuana.

Kipketer arap Maina

*

Kamere
21 Agosti 2025

Mzee Kipketer,

Samaki wa mbao ana gramu tisini na tano. Nimempima kwa mizani ya Fancy, ile anayopimia sukari na unga dukani, na Fancy haibii mtu. Kamba iko ndani ya bahasha. Mkono ni wa kushoto. Ndiyo, mimi ni wa kushoto, na nyanya yangu alinipigia hiyo tabia mpaka akachoka.

Huku maji yamepita choo. Nasimiyu wa jirani amehamia kwa dada yake na ameniachia kuku wawili, nao wanalala juu ya meza yetu. Baba amekuwa na hasira za ajabu. Tangu nilipotoka kwa Fancy na samaki mkononi, anaipiga ndoo yetu ya bluu teke kila nikipita. Nimeiosha mara mbili. Nikamwekea maji ya kunawa, akageuza uso ukutani. Mtu akizeeka anakuwa mtoto, si ndiyo?

Tafadhali usikawie.

Wariara

*

Sachangwan
18 Septemba 2025

Wariara,

Fimbo iko ndani ya hili bomba la maji. Usilikate kwa msumeno, kifuniko kinafunguka.

Nikwambie nilivyoitengeneza, ili ujue kuiheshimu. Fimbo tupu, kabla ya mpini na pete za kupitishia uzi, ina mgongo wake kama mnyama. Unaisimamisha sakafuni, unaikandamiza katikati kwa kiganja, unaizungusha taratibu. Kuna mahali inaruka yenyewe ikatulia. Hapo ndipo mgongo ulipo, na ukifunga pete mahali pengine fimbo itapigana na wewe maisha yake yote. Yako ina futi saba na inchi kumi. Pete zina miguu miwili kila moja, nimezifunga kwa uzi mwekundu na gundi, nikaizungusha juu ya jiko siku nzima ili gundi isilale upande mmoja.

Mwisho nikaipima ninavyopima zote. Mimi sisikii, kwa hivyo naweka kitako cha fimbo kwenye mfupa wa taya, nagonga ncha kwa ukucha. Fimbo nzuri inanifikia mpaka kwenye meno. Hii imenifikia mpaka kisogoni.

Ni ya gramu tisini na tano, ikizidi sana mia na kumi. Acha samaki aning'inie urefu wa mkono kutoka kwenye ncha, usimchape, mbembeleze.

Una mkono mrefu sana kwa msichana. Na hilo fundo la kamba ni la mtu aliyefunga nyavu miaka mingi. Lakini nimesema siulizi.

Kipketer

*

Kamere
28 Septemba 2025

Mzee,

Imevunjika. Mrusho wa kwanza. Ilipasuka juu kidogo ya mpini kwa sauti kama ya bunduki, na Gedion akalala chini ndani ya mashua.

Nilikuamini. Umeandika kurasa mbili za mgongo na taya na kubembeleza, na kitu hakikumaliza hata mrusho mmoja. Hujui umefanya nini. Hujui ni nani alilia siku hiyo, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata tulipomzika Mama.

Vipande nimevirudisha ndani ya bomba lako.

Wariara

*

Sachangwan
3 Oktoba 2025

Wariara,

Nimekaa na hasira siku mbili ndipo nikaandika, kwa hivyo hii ni ile iliyopoa.

Miaka kumi na tisa natengeneza fimbo, na zilizovunjika ni nne. Moja ilikanyagwa na ng'ombe. Hivi vipande nimevisoma. Nyuzi za mwili wa fimbo zimekatika kutoka ndani kwenda nje, upande wa mgongo, na hiyo ni kazi ya uzito tu. Kitu mlichorusha hakikuwa gramu tisini na tano. Mlimpima akiwa mkavu au akiwa ametoka majini?

Na sasa nauliza lile nililosema siulizi. Mkono huo ni wa nani? Njia ya mwongo ni fupi, msichana wangu, na hii yako iliishia mahali fimbo ilipopasuka. Aliyerusha alitumia mkono mmoja, peke yake, bila wa pili kuusaidia. Nyuzi zimejipinda kwa namna hiyo. Mtu mwenye mikono miwili mizima harushi hivyo.

Nitumie huyo samaki. Namtaka ndani ya maji ya ziwa lenu, si ndani ya karatasi.

Kipketer

*

Kamere
9 Oktoba 2025

Mzee Kipketer,

Naandika nikiwa na aibu, na ukiona herufi zinapanda na kushuka ujue ni hiyo.

Mkono ni wa Baba. Mwezi wa pili alipigwa na stroke upande wote wa kulia. Anatembea, lakini mguu unaburuta, mkono wa kulia umelala, na maneno yamekataa kutoka. Anaelewa kila kitu. Daktari alisema tushukuru. Nilikudanganya kwa sababu mafundi wawili wa hapa mjini niliwaambia ukweli, na wote waliniangalia kwa huruma, wakaniambia nimnunulie redio.

Mzee, Baba alivua ziwa hili miaka thelathini na mbili. Akitoka Kamere bila kumrusha samaki wake hata mara moja, najua atakavyokaa kule Kinangop. Atakaa kwenye kiti akiangalia mlango. Hilo ndilo ninalopigana nalo.

Sasa nikueleze kuhusu ndoo. Baba humloweka samaki wake usiku kucha kabla ya kwenda kuvua. Rangi ya tumboni aliikwangua makusudi ili mbao inywe maji, samaki aelee chini kidogo, atembee kama aliyechoka. Mimi nilikua nikiona hiyo ndoo ya bluu na samaki ndani yake kila Ijumaa, na sikuwahi kuuliza, kama vile mtu haulizi kwa nini sufuria iko jikoni. Nikaenda kwa Fancy nikampima akiwa mkavu kama sabuni mpya. Baba aliona. Akaipiga ndoo teke mwezi mzima akiniambia, na mimi nikawa naiosha. Siku ya kwenda ziwani nilimkuta samaki ndani ya ndoo, nikadhani kaanguka.

Ulipouliza kama alikuwa mkavu, nilishika kichwa. Nimempima tena akiwa ameloa. Gramu mia moja na arobaini na mbili. Fancy alidhani mizani yake imeharibika.

Nisamehe. Samaki anakuja ndani ya mtungi wa lita tano niliokata shingo. Mtu wa vifurushi alikataa kubeba maji mpaka nikamwambia ni dawa. Baba alimshika sana kabla ya kumwachilia.

Wariara

*

Sachangwan
6 Novemba 2025

Wariara, na wewe Kamande, kwa sababu najua sasa unasomewa,

Samaki alifika na maji nusu. Nilimtoa nikamweka kwenye beseni, nikasema nitampima halafu niendelee na kazi. Sikuendelea. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa.

Kamande, nimeishi na mbao tangu nikiwa kijana, na sikujua jacaranda inaweza kufanywa hivyo. Yale magamba ulichoma moja moja kwa msumari wa moto, nimehesabu upande mmoja tu nikaacha. Ile bawaba ya ngozi katikati ya mwili, ukimvuta kwa uzi polepole, mkia unachelewa kidogo nyuma ya kichwa, na huko kuchelewa ndiko kunamfanya awe hai. Nilimvuta ndani ya beseni, paka wangu akaja akakaa. Waliosema vyaelea vimeundwa walijua. Nilikuwa nimekasirika kwamba fimbo yangu imevunjwa na kipande cha mti. Sasa naona aibu kwamba nilimtengenezea huyu kitu cha gramu tisini na tano.

Fimbo mpya nimeianza upya, na sitasema ni ya kawaida. Futi nane. Tumbo lake linainama mpaka chini kabisa, maana mkono mmoja hauwezi kuchapa, unaweza tu kusukuma na kungoja. Mpini ni mrefu, unapita chini ya kwapa la kulia. Nimeweka mkanda wa ngozi, wa mshipi wangu wa zamani, pale mkono wa kulia utakapolala. Mkono huo hautafanya kazi, utakuwa nguzo tu. Wa kushoto unarusha, halafu huo huo unazungusha rili, lile gurudumu la uzi, kwa sababu nimetafuta rili yenye mshiko upande wa kushoto. Jirani yangu Weldon alijifunga mkono wa kulia kwa leso tukajaribu shambani na jiwe la gramu mia na arobaini na mbili. Lilivuka ua likaingia kwa kanisa.

Na mimi niseme langu, kwa kuwa ninyi mmesema lenu. Sijawahi kumwona bass akiwa hai. Natengeneza, nafunga ndani ya bomba, napeleka stendi. Watu huniandikia wamevuta nini, nami nasoma. Tangu mashini ininyamazishe sipendi kwenda mahali pa watu. Wanasogeza midomo, nami nacheka pasipo pa kucheka. Lakini fimbo hii siiamini kwa basi, na huyu samaki siwezi kumtia tena kwenye mtungi wa lita tano.

Nitaileta mwenyewe. Jumamosi tarehe ishirini na mbili. Nitamloweka mimi Ijumaa usiku, nifike naye mapema ndani ya kitambaa kibichi. Na ziwani nitakuja, ila msinisemeshe.

Kipketer

*

Ndunyu Njeru
6 Desemba 2025

Mzee Kipketer,

Tumehama salama. Huku baridi inauma mpaka kwa kucha, na kuku wa Nasimiyu wamekataa kutaga.

Nakuandikia kwa sababu Baba hatulii. Siku ile tulipofika ufukweni, ulishuka kwa mashua ukatembea moja kwa moja mpaka barabarani, hukugeuka, hukunywa chai. Nilikukimbilia nikisahau kwamba hunisikii. Gedion akasema mwacheni mzee. Lakini Baba ameshika mawazo kwamba ulikasirika. Anaonyesha fimbo, anakuonyesha wewe kwa kushika taya lake, halafu anatikisa kichwa. Anadhani ulikasirika kwa sababu yule bass aliponyoka baada ya taabu zako zote.

Mimi namwambia, Baba, ulirusha mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara tatu za kwanza samaki wa mbao alienda kombo, ya nne akapita juu ya vichwa vyetu, akaruka hewani polepole kabisa, akaanguka pale pale kwa mti wa tatu, na nilimwona Baba yangu akiwa vile alivyokuwa nikiwa darasa la tatu. Hata kama lisingetokea lingine, mimi nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta.

Amepiga misumari miwili ukutani, fimbo inakaa hapo. Na Ijumaa, Mzee, aliitoa ndoo ya bluu, akaijaza maji, akamloweka samaki wake. Huku, kwa viazi. Sikumuuliza kitu safari hii. Nilimsaidia kuinyanyua.

Hili la chini ameandika mwenyewe kwa kushoto. Limemchukua tangu chakula cha mchana.

KIPKETER USIKASIRIKE

Wariara

*

Sachangwan
12 Desemba 2025

Kamande, rafiki yangu,

Nilisoma maneno yako mawili nikaona nimekuwa mtu mbaya. Acha nikwambie kilichotokea kwa upande wangu, kwa sababu wewe ulikuwa umetazama maji.

Kwanza niliogopa. Ile miti mikavu imesimama ndani ya ziwa na ndege weusi juu yake, yule kiboko tuliyemngoja aondoke, maji yanayofika mpaka mlima. Nilikuwa nimekaa nikishika ubao kwa mikono yote miwili. Nilipoona samaki wako akiruka ule mrusho wa nne, na fimbo ikifanya nilichoiomba ifanye, nilisema moyoni inatosha, nirudi nyumbani.

Halafu mrusho wa kumi na moja maji yakafunguka pale kwa mti wa tatu. Sikusikia kitu. Niliona tu shimo kwenye maji, samaki wako akaingia ndani yake, na fimbo ikainama mpaka kwa mkanda. Mkono wako wa kulia ukashikilia. Wariara alisema umelala, lakini mimi nilikuwa naangalia ngozi ya ule mkanda, na nakwambia ulishikilia. Niliwaza, sasa itapasuka. Haikupasuka.

Ndipo ukageuka ukanitazama. Ulikuwa na kitu ulichokingoja mwaka mzima, na badala ya kukitazama ukanitazama mimi. Ukaniita kwa kidevu. Nikaja kwa magoti. Ukakitoa kitako cha fimbo chini ya kwapa lako, Wariara akakushikilia fimbo katikati, na ukakiweka kwenye taya langu. Ulikuwa umesomewa barua zangu. Ulikumbuka.

Kamande, tangu mwaka wa elfu mbili na nne nimeishi ndani ya pamba. Nagonga ncha kwa ukucha, nasikia ukucha wangu mwenyewe, nasema fimbo ni nzuri. Siku ile nilisikia mkia. Ulikuwa unagonga mara mbili, unapumzika, unagonga mara mbili. Nilisikia uzi ukikwaruza gome la mgunga chini ya maji. Nilisikia kichwa kikitikiswa, na kitu kizito kikishuka, na kikishuka tena, na nikajua kina kinaenda mbali kuliko nilivyodhani. Kitu hai kilikuwa kinaongea upande wa pili wa kazi ya mikono yangu. Nililia, na kama uliona, nashukuru hukunionyesha.

Halafu akapanda. Mdomo wake ungemeza ngumi zangu mbili. Mgongo kijani kama chupa, na lile jicho. Alifungua mdomo, samaki wako akaelea kando yake akiwa mzima, na yule mkubwa hakukimbia. Alibaki palepale, nadhani hesabu ya pumzi tano, akitutazama watu wanne ndani ya kimashua. Hakuna aliyenyoosha wavu. Hata Gedion, anayeuza kila kitu, hakunyoosha wavu. Akashuka mwenyewe, taratibu, kwa mti wake.

Nilitembea mpaka barabarani bila kugeuka kwa sababu niliogopa mtu angenisemesha, nami ningelazimika kusoma midomo, na ile sauti ingeondoka. Nilipanda gari nikiwa nimeziba taya kwa kiganja. Pale Kikopey watu walishuka kula nyama, mimi sikushuka. Nilifika nyumbani nikakaa gizani bila kuwasha jiko, na bado alikuwa anagonga, mara mbili, anapumzika, mara mbili.

Endelea kumloweka kila Ijumaa.

Sikukasirika, Kamande. Nilikuwa nasikiliza.

Kipketer